Miti Iliyoota Yenyewe

Siku ya tatu, Bi Sikujua alikuwa amesimama tena shambani kwake tangu saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Tangazo lilikuwa wazi. Kila mwenye eneo asimame kwenye eneo lake mpaka wathamini wa kampuni inayochukua ardhi wapite. Asiyekutwa, eneo lake litaandikwa halina mtu. Siku ya kupita haikutajwa. Alikuwa na dumu la lita tano lenye maji nusu, muhogo wa kuchemsha uliofungwa kwenye kitambaa, na kanga ya pili ya kujitandia jua litakapopanda.

Kutoka hapo mpaka bondeni ni mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu. Bondeni alikuwa na mpunga ulioanza kuiva, na dungu la kuamia ndege ambalo lilikuwa tupu kwa siku ya tatu. Kwelea hushuka alfajiri, hupumzika jua likiwa kali, kisha hurudi alasiri. Mpunga usioamiwa siku tatu hubaki mabua. Hakuwa na mtu wa kumweka kule. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na minane, na watu wake wote walikuwa hapa alipokuwa amesimama.

Shamba lilikuwa katika kitongoji cha Nyamigogo, ndani kidogo kutoka Mtunda. Lilikuwa na mikorosho minne mizee na mihogo. Upande wa juu, penye mchanga mkavu, kulikuwa na miti sita ya makaburi. Wenyeji hawana jina jingine la mti huo. Shina lake huvimba kuanzia chini kama mtungi uliofukiwa nusu. Gome ni la kijivu na laini, matawi ni mafupi na manene, kama yamekatwa na mtu mwenye haraka. Ukiukwaruza hutoa utomvu mweupe, nao ni sumu. Mbuzi hawaugusi. Kiangazi hupukutisha majani yote, kisha, wakati kila kitu kimekauka, hutoa maua ya waridi. Kwa sababu unadumu, wala si kwa sababu ya maua hayo, watu wa huko huuweka kichwani mwa kaburi.

Unawekwa kwa namna yake. Kaburi likishafukiwa, mtani wa marehemu huvunja tawi kutoka kaburi la zamani, akageuza mgongo, akalichomeka kwenye udongo bila kulitazama, na waliopo hutazama pembeni. Tangu dakika hiyo hakuna anayesema kwamba mti umepandwa. Umeota. Mtu akisema ameupanda, ni sawa na kusema aliitaka maiti ile na sasa anangoja nyingine. Sheikh wa msikitini hakuwahi kulifundisha jambo hilo, wala hakuwahi kulikataza.

Miti sita ilikuwa ya baba yake, mama yake, kaka yake, mama yake mdogo, mumewe aliyetoka visiwani na hakuwa na mtu wa kumrudisha kwao, na Zawadi. Zawadi, binti yake, alikuwa na miaka sita. Alipelekwa hospitali ya Mchukwi akiwa ana homa na alirudishwa akiwa amefunikwa shuka. Siku ya arobaini Sikujua alizungusha kwenye kile kijiti uzi wa shanga za kiunoni za mtoto, akaufunga. Miaka ishirini na miwili ilipita. Shina lilinenepa juu ya uzi na kuumeza, na sasa ulionekana mfereji mwembamba uliozunguka mti, na upande wa mashariki shanga mbili za buluu zilizokataa kuzama.

Walifika saa nane kasoro. Walikuwa watatu: mthamini aliyebeba kishikwambi, mtu mmoja wa kushika utepe, na Abdulrazaq, mtendaji wa kijiji, aliyekuwa na jalada kwapani. Babu yake Abdulrazaq na baba yake Sikujua walikuwa watoto wa ndugu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mmekawia."

"Kazi nyingi, shangazi. Huyu ni mthamini wetu, Bwana Kheri."

"Pole kwa kusimama, mama," alisema Kheri.

"Mimi nimeshapoa. Kule bondeni ndege ndio hawajapoa."

Kheri alicheka kidogo. Alikuwa kijana mwenye adabu, aliyefuta jasho kabla ya kugusa kioo cha kishikwambi. Aliuliza jina, umri, na mipaka. Aliuliza nani alipanda mikorosho. Sikujua akasema baba yake. Aliuliza nani alipanda mihogo. Akasema yeye. Kisha wakapanda kwenye mchanga, na Kheri akasimama.

"Hii bwana! Mjini wanaiita waridi la jangwani. Wanaiweka kwenye vyungu, mahotelini. Lakini sijaona nene namna hii." Alipiga picha nne. "Mama, hii nani kaipanda?"

Sikujua alitazama chini.

"Hakuna."

"Hakuna mtu aliyeipanda?"

"Imeota."

"Yenyewe?"

"Imeota, baba."

Kheri aliandika. Sikujua alimwona akiandika, akasema upesi, "Wazee wangu wamelala hapo. Na mume wangu. Na mtoto."

"Makaburi?"

"Ndiyo."

"Yamejengewa? Saruji, tofali, jiwe lenye jina?"

"Alama yake ndiyo hiyo miti."

"Miti iliyoota yenyewe."



Kheri alishusha kishikwambi. Alizungumza taratibu, kama mtu anayemweleza mgonjwa namna ya kumeza dawa. "Mama, nisikilize. Penye kaburi mashine inapita kando, au kaburi linahamishwa kwa sanda na dua, gharama ni ya kampuni. Hilo halina ubishi. Lakini mwongozo unasema kaburi lazima liwe na alama iliyowekwa na mtu. Nikiandika kwamba mti ulioota wenyewe ni alama ya kaburi, pori lote hili litakuwa makaburi." Akamgeukia Abdulrazaq. "Mtendaji, wewe ni mwenyeji. Kuna desturi yoyote hapa ambayo mimi siijui?"

Abdulrazaq alikuwa akitazama simu yake. Sikujua alimtazama yeye. Mama yake Abdulrazaq alizikwa miaka tisa iliyopita, na Sikujua alikuwepo, akatazama pembeni pamoja na wengine wakati tawi linachomekwa.

"Ameshajibu mwenyewe," alisema Abdulrazaq. "Andika alichosema."

Mtu wa utepe alikuwa amekaa kivulini mwa mkorosho. Kheri alitoa karatasi kwenye jalada na kisahani cha wino wa zambarau.

"Kimeandikwa nini?" aliuliza Sikujua.

"Mikorosho, minne. Mihogo. Miti ya asili, sita, imeota yenyewe. Makaburi, hakuna."

"Hakuna?"

"Yaliyothibitika, mama. Kama hukubaliani, kuna dawati la malalamiko."

"Na nisipotia dole?"

"Asiyetia dole anaandikwa hakukutwa."

"Shangazi," alisema Abdulrazaq, na mara hii alimtazama, "tia dole. Wenzio wanangoja juani."

Akatia dole gumba.

Kesho yake alfajiri alikuwa bondeni. Kibwana, mwenye dungu la jirani, alimwona akipita na kombeo lake akampigia kelele kutoka juu. Walikuwa watani tangu utoto.

"Wewe kizee! Umekuja kuamia mabua?"

"Nimekuja kukutazama unavyolala juu ya mti kama ngedere."

"Ngedere ana mpunga. Wewe una nini?"

Alipanda dungu lake akatazama. Nusu ya shamba, upande wa mto, masuke yalikuwa yamesimama wima, mepesi. Alirusha mawe mpaka jua lilipokuwa kali, kisha akashuka, akaenda kukaa chini ya dungu la Kibwana, akamsimulia. Kibwana alicheka mwanzoni. Baadaye aliacha.

"Ukatia dole."

"Ungekuwa wewe, ungejibu nini?"

Kibwana alichuna gamba la kidonda kwenye goti lake. "Ningesema imeota."

"Basi."

"Abdulrazaq kamjengea mama yake kaburi," alisema Kibwana. "Jumamosi ile kabla ya tangazo. Mifuko miwili ya saruji, na kibao kina jina. Zege nilichanganya mimi."

"Hukuniambia."

"Nilidhani ni mapenzi ya mama."

Kundi la ndege lilipita juu yao na wote wawili wakageuza vichwa kulitazama litakapotua.

"Mti wa Zawadi uliuchomeka wewe," alisema Sikujua.

Kibwana aliinuka. "Usinitajie."

"Kwa mthamini tu. Useme mara moja. Useme palikuwa na kaburi, ukachomeka tawi."

"Nitakwambia palikuwa na kaburi. Nitaapa. Hilo la pili usinitajie, Sikujua. Nina wajukuu wanne."

"Hilo la kwanza hawalitaki. Wanataka hilo la pili."

"Basi huko kwao hawafi?" Alichukua kombeo lake, akapanda dunguni, na siku ile hawakusemezana tena.

Sikujua alilala bondeni siku nane ili kuokoa nusu iliyobaki. Siku ya tisa alirudi nyumbani kuchukua chumvi, akapita shambani. Kutoka mbali aliona mstari wa upeo umebadilika.

Palikuwa na mashimo sita. Yalikuwa ya duara, yamechimbwa kwa ustadi na watu wanaojua mizizi ya mti huo haiendi chini sana. Kina chake kilikuwa kama mkono mpaka kwenye kiwiko. Alama za matairi mapana zilitoka barabarani zikapita katikati ya mihogo na kurudi. Kwenye shimo la mama yake kulikuwa na kipande cha bakuli la kauri ambalo watu walikuwa wamelifukia kichwani mwa kaburi. Wachimbaji walilipasua kwa sururu. Alishuka shimoni kwa magoti, akaokota vipande alivyoviona, akavitia kwenye kitambaa cha muhogo. Kwenye shimo la Zawadi hakukuwa na kitu. Kati ya mashimo vilikuwa vimekitwa vigingi vyenye utepe mwekundu.

Alikwenda moja kwa moja ofisini kwa mtendaji. Abdulrazaq alikuwa barazani, akinywa chai.

"Karibu chai, shangazi."

"Miti imekwenda wapi?"

"Ilivunwa. Kibali kipo." Aliweka kikombe chini. "Miti pori inavunwa kwa kibali. Kampuni waliiomba kwa bustani yao, kuliko iangushwe na greda. Mimi naona wameinusuru."

"Kibali kilisema ni ya nani?"

"Miti pori haina mwenyewe."

"Mama yako amelala chini ya mti gani?"

Abdulrazaq alitazama barabara. Bodaboda ilipita na magunia ya mkaa. "Mama yangu ana kaburi, shangazi. Limejengewa. Kila mtu alikuwa na nafasi ya kujenga."

"Na mti wake?"

"Uko pale pale. Ule ulipandwa."

Alilisema neno hilo bila kushusha sauti. Hakuna kilichotokea. Kuku alipita kizingitini, akadonoa, akatoka.

"Nenda dawati la malalamiko," alisema Abdulrazaq. "Nitakuandikia barua ya utambulisho. Unaona nakusaidia? Wengine nawafukuza."

Dawati la malalamiko lilikuwa katika kambi ya kampuni, barabara ya kwenda Kibiti. Mara ya kwanza alikwenda Jumanne akaambiwa malalamiko ni Alhamisi. Mara ya pili alikwenda Alhamisi akaambiwa mtandao haupo. Kati ya safari hizo alivuna mpunga uliobaki, magunia mawili yasiyojaa, akauza moja kwa ajili ya nauli. Mara ya tatu ilikuwa mwezi wa nane. Walimwingiza kwa mlango wa nyuma, penye benchi, kwa sababu mbele ya ofisi walikuwa bado wanasafisha baada ya uzinduzi wa wiki tatu nyuma. Turubai lilikuwa limekunjwa ukutani na viti vya plastiki vimepangwa juu ya vingine.

Dada wa dawati aliitwa Faudhia. Alikuwa amevaa hijabu nyeusi na alikuwa na kikohozi. Alisoma barua ya Abdulrazaq mpaka mwisho, jambo ambalo Sikujua hakulitarajia.

"Mama, unalalamikia makaburi sita."

"Ndiyo, mwanangu."

"Fomu yako inasema makaburi hakuna. Inasema miti imeota yenyewe. Dole ni lako?"

"Ni langu."

"Sasa nieleze tofauti ni nini, ili niandike."

Sikujua alikuwa amejiandaa njiani. Alikuwa na maneno ya kueleza desturi: mgongo unaogeuzwa, watu wanaotazama pembeni, neno lisilosemwa na sababu yake. Aliyaeleza yote. Faudhia alisikiliza, akakohoa, akasema kwa upole, "Hiyo ni mila, mama. Mimi kwetu ni Utete, nasikia unachosema. Lakini hapa kuna vijisanduku viwili tu. Umepandwa, au umeota. Nibonyeze kipi?"

Sikujua alishika ukingo wa meza. Nje mtu alikuwa akimwagilia maji. Maji ya mpira yalisikika yakipiga majani.

"Nilipanda mimi," alisema.

"Yote?"

"Yote sita. Wa mama, nilipanda. Wa baba. Wa mume wangu. Wa mtoto wangu nilipanda mimi."

Vidole vya Faudhia vilisimama juu ya kibodi. Alikuwa binti wa Utete na alijua alichokisikia. Kisha akabonyeza.

"Shahidi?"

"Sina."

"Mtu yeyote aliyekuona ukipanda."

"Hakuna mtu anayetazama, mwanangu. Nimeshakueleza."

Faudhia alisoma kwenye kioo. "Mfumo hauniruhusu kufuta maelezo ya kwanza. Naweza kuongeza chini yake. Itasomeka hivi: mlalamikaji amebadili maelezo, hana shahidi. Sawa?"

"Tuma mtu akatazame."

"Akienda leo atakuta miti?"

"Atakuta mashimo."

"Shimo si alama, mama." Alikohoa tena, akafunika mdomo kwa ncha ya hijabu. "Wewe unasema miti ilikuwa ya makaburi. Miti haipo. Mthamini akirudi atapima kitu gani? Naogopa nikituma hivi watasema umetoa maelezo ya uongo mara mbili. Tia dole hapa, kwamba umehudumiwa."

Wino ulikuwa wa zambarau kama ule wa kwanza. Alitia dole.

"Toka kwa mbele," alisema Faudhia, "nyuma wameshafunga."

Sikujua alitoka kwa mbele.

Miti ilikuwa imepangwa pande mbili za njia ya kuingilia, mitatu huku, mitatu huku, kila mmoja ndani ya duara la matofali yaliyopakwa chokaa. Matawi yalikuwa yamepunguzwa ili yalingane. Aliitambua mmoja mmoja: wa baba yake uliolalia kusini, wa kaka yake wenye kovu la panga. Wa Zawadi ulikuwa wa kwanza, karibu na ngazi. Mbele yake kulikuwa na kibao cha marumaru chenye maandishi ya dhahabu. Sikujua alikuwa amesoma kisomo cha watu wazima. Alisogeza midomo, akasoma neno moja baada ya jingine. MTI HUU UMEPANDWA NA MGENI RASMI KATIKA SHEREHE YA UZINDUZI. Chini yake palikuwa na tarehe.

Alirudi kwenye dirisha la dawati akagonga kioo.

"Mwanangu! Ipo. Miti yenyewe hii hapa!"

Faudhia alifungua dirisha kidogo, akatazama alipooneshwa, akatazama kibao.

"Ule una aliyeupanda, mama," alisema. "Umeandikwa." Akafunga dirisha.

Mtunza bustani, mtu wa makamo aliyeitwa Dulla, alikuwa amefika kwenye mti wa kwanza na mpira wake wa maji. Alikuwa amekunja suruali mpaka magotini. Duara la matofali lilikuwa limejaa, na maji yalikuwa yakifurika juu ya chokaa.

"Usiumwagilie huo," alisema Sikujua. "Hautaki maji. Kiangazi haunywi kabisa. Utaoza."

"Asubuhi na jioni, mama. Ndivyo nilivyoambiwa. Mgeni Rasmi akirudi aukute umenawiri."

"Umeshaoza. Tazama rangi yake."

"Mimi nimeajiriwa kumwagilia."

Sikujua aliinama. Mfereji ulikuwepo, na shanga mbili za buluu, safi kwa kuoshwa kila siku. Aliweka dole gumba chini yake, mahali ambapo shina huwa gumu kuliko pote, akabonyeza. Gome halikukinza. Dole lilizama mpaka kwenye kifundo, likiwa bado na wino, na maji ya kahawia yenye harufu yakatoka pembeni yake, yakateremka shinani, yakafika kwenye marumaru.

"Samahani, mama, sogea kidogo," alisema Dulla. Alihamisha mpira upande wa pili wa shina, akaendelea kumwagilia.